Uamuzi Kabla ya Kona

Masika yakishaingia na udongo wa Kirua Vunjo, mlimani juu ya Moshi, ukalowa, habari za bodaboda walioanguka hurudi vijiweni, nje ya kanisa baada ya ibada na kwenye vikao vya kijiji. Maneno hayabadiliki: kijana alikuwa mzito, hakuwahi breki; fulani angewahi, maana yule ana mwili mwepesi. Ni maneno hayo ya sasa yaliyonirudisha kwenye miaka ambayo pikipiki zilikuwa ngeni mlimani, na sisi tulioishi kando ya barabara tulikuwa tukiwatazama vijana wakijifunza kuziteremsha. Nimeyaweka tuliyoyaona miaka ile pamoja na yale ambayo wataalamu wa mwili na akili wameyapima kwa saa na kamera, nikafikia msimamo mmoja ambao nitautetea hapa. Wepesi tunaousifu kwa dereva, kwa mhunzi, kwa golikipa au kwa mkimbiaji, sehemu yake kubwa haitoki kwenye mishipa ya fahamu. Unatoka kwenye uamuzi uliokwisha kufanyika kabla hatari haijaonekana. Mtu anayeonekana kuwahi, mara nyingi alikuwa amejipunguzia mapema haja ya kuwahi. Kama hilo ni kweli, basi namna tunavyowafundisha vijana wetu kuendesha, na namna tunavyowalaumu wakishaumia, vyote viwili havijakaa sawa.

Miaka ya tisini, mtu wa Kirua aliyetaka kushuka Moshi mjini au Himo siku ya soko aliamka gizani ili awahi gari la abiria, ambalo liliondoka limejaa hadi mlangoni, au aliteremka kwa miguu kwa vichochoro vinavyopita kati ya migomba na mibuni mpaka barabara kuu. Kinamama wenye mikungu ya ndizi kichwani waliteremka njia hizo wakati wa mvua na hawakuanguka. Hilo peke yake lilikuwa somo, ila hatukulitilia maanani kwa sababu lilikuwa la kila siku. Hakuna aliyekanyaga kwanza akaangalia baadaye. Jicho lilitangulia hatua mbili tatu, likachagua jiwe, mzizi au ukingo wa mfongo wa maji, na mguu ukaja kutua pale palipokwisha kuchaguliwa. Watafiti wa mwendo waliowavisha watembeaji vifaa vya kufuatilia macho kwenye njia za mawe wamekuta jambo hilo hilo: njia inapokuwa mbaya, macho huacha kuzurura na kushika mahali mguu utakapotua baada ya sekunde moja au moja na nusu. Mwili unapewa agizo mapema, na ndiyo maana hauonekani kuhangaika. Mzigo wenyewe uliongeza nidhamu, kwani mwenye mkungu kichwani hawezi kujiokoa kwa kuruka au kujitupa pembeni. Lazima awe ameamua.

Pikipiki zilianza kuwa nyingi katikati ya miaka ya 2000. Zilitangulia za Kichina, SanLG, Toyo na T-Better, kisha zikaja Boxer na TVS kutoka India. Serikali ilipotoa mwaka 2010 kanuni za leseni za kubeba abiria kwa pikipiki na bajaji, kazi yenyewe ilikuwa imekwisha kushika mizizi mlimani, maana ilikuwa jibu la shida ya kweli. Mgonjwa alifikishwa zahanati usiku, maziwa yalifika kwa mnunuzi kabla hayajaharibika, na bibi aliyekuwa hajashuka sokoni kwa miaka alishuka. Kijana alijifunzia kwenye uwanja wa mpira wa shule, kwa chombo cha kuazima: klachi, gia, kuzunguka magoli, kusimama. Akishaweza kuondoka bila kuzima injini, alihesabiwa kuwa dereva na kesho yake alikuwa na abiria mgongoni. Uwanja ule ulimfundisha kutenda. Kuchagua haukumfundisha, kwa sababu pale hakuna cha kuchagua. Ardhi ni tambarare, kona unaiona yote, na ukikosea unaangukia majani. Tuliwasifu waliozunguka magoli kwa kasi, tukadhani huo ndio ufundi.

Ufundi ulionekana kwenye mteremko. Chukua kona moja, kama zilivyo nyingi za huko. Upande wa juu kuna ukingo wa udongo mwekundu ulioshikwa na masale, mstari mzito wa kijani unaotenga kihamba, yaani shamba la nyumbani, na barabara na kuficha kila kilicho nyuma yake. Upande wa chini kuna mtaro, na baada ya mtaro ni migomba. Katikati maji ya mvua yamechimba mfereji, kwa hiyo barabara yenyewe ni vipande viwili vyembamba vya ardhi ngumu, kila kimoja kipana kuliko tairi kwa kiasi kidogo tu. Dereva mzoefu anapofika kwenye masale amekwisha kumaliza mambo yake. Ameachia mafuta mapema na kurudi gia ya pili, injini yenyewe inamshika. Amepiga honi. Amechagua kipande atakachopita. Vidole viwili vimelala juu ya breki ya mbele bila kuibana, mguu umegusa breki ya nyuma, na macho yake yako kule kona inakoishia, hayako kwenye tairi. Akikutana na mama mwenye mzigo wa majani ya ng'ombe, limebaki jambo moja tu la kuamua: akaze kidogo au aendelee. Mgeni wa barabara anaingia kona hiyo hiyo kwa gia huru, injini ameizima ili kubana mafuta, na macho yake yameganda kwenye mfereji anaouogopa. Akikutana na mama yule yule, anatakiwa aamue kwa mkupuo breki ipi, upande upi, aingie mfereji au apande ukingo, aiwashe injini au aiache. Mkono wake si mzito kuliko wa mwenzake. Ana maswali mengi kuliko mwenzake, na yote yamefika pamoja.

Jambo hili limepimwa zamani. Mwaka 1868 daktari Mholanzi Franciscus Donders alichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba mtu anayengoja ishara moja na kuijibu kwa namna moja huwa mwepesi kuliko anayelazimika kutambua ni ishara ipi kati ya mbili na kuchagua mkono wa kuijibu. Mkono ni ule ule, misuli ni ile ile, tofauti yote ya muda ni ya kuchagua. Mwaka 1952 William Hick wa Cambridge aliongeza idadi ya taa na vitufe hadi 10, akakuta muda unaongezeka kwa mpangilio: kila idadi ya machaguo ilipozidishwa mara mbili, kuchelewa kuliongezeka kwa kiasi kinachokaribiana. Mwaka uliofuata Ray Hyman akaonyesha upande mwingine wa jambo hilo, kwamba ishara inayotarajiwa hujibiwa haraka kuliko ile ambayo hutokea kwa nadra. Kwa hiyo kuna milango miwili ya kupata wepesi bila kugusa mishipa: kupunguza machaguo, na kutarajia. Dereva mzoefu wa Kirua, ambaye hajawahi kusikia majina hayo, anaipitia yote miwili kila anapokaribia masale. Gia ya pili imemwondolea swali la injini, kipande alichochagua kimemwondolea swali la upande, na kule kufikiria tu kwamba huenda kuna mtu nyuma ya ukingo kumemtoa katika hali ya kushtukizwa.

Hesabu ya barabarani inaonyesha uzito wa jambo lenyewe. Mtu mzima mwenye afya akingoja taa moja kwa kitufe kimoja huchukua karibu sekunde 0.2. Barabarani muda ni mrefu zaidi. Vipimo vingi vya madereva wa magari vinakaribiana: aliyejua kwamba huenda akalazimika kusimama hufikia breki kwa karibu sekunde 0.7, na aliyeshtukizwa kabisa hufikia kwa karibu sekunde 1.5. Pikipiki inayokwenda kilomita 40 kwa saa hukata mita 11 kila sekunde. Hivyo wa kwanza anakuwa amekwenda karibu mita 8 kabla breki haijaanza kazi, na wa pili karibu mita 17. Mita hizo 9 za tofauti hazikuletwa na ujana wala damu changa. Zililetwa na kutarajia. Sasa linganisha na kile ambacho mtu angepata kwa kuzaliwa na mishipa myepesi kuliko wenzake. Kati ya kijana mwepesi na kijana wa kawaida, tofauti ya kujibu ishara moja ni sehemu ndogo ya sekunde, ambayo kwa mwendo huo huo haifiki hata urefu wa pikipiki yenyewe. Tunawasifu vijana kwa kile kinachowapa chini ya mita moja, na hatuwafundishi kile ambacho kingewapa tisa.

Zamani zile hatukuwa na haja ya kwenda mbali kuuona ufundi wa namna hii ukifanya kazi. Kule Mamba, ukishapita Marangu, wahunzi wa Kichagga wamerithishana kazi ya kufua majembe, mapanga, mikuki na kengele za ng'ombe, na hadi leo wapo wanaoifanya kwa mivukuto ya ngozi. Mtu anayemtazama mhunzi kwa mara ya kwanza hutekwa na kasi ya nyundo. Akikaa muda mrefu huanza kuona kwamba kazi kubwa inafanyika wakati nyundo imelala. Chuma kikiwa ndani ya makaa, mhunzi hakiachii macho. Anangoja rangi, maana chuma hakisemi kwa kingine: kikiwa chekundu cha giza bado ni kigumu, kikielekea rangi ya machungwa kimekubali, kikianza kutoa cheche kimeanza kuungua. Katika muda huo ameshajua atakishika wapi kwa koleo, atakilaza upande gani kwenye fuawe, atapiga kwanza wapi na atakigeuza lini. Kikitoka motoni, hewa ya mlimani inaanza kukipoza hapo hapo, na muda wa kukifua ni mfupi. Anayeanza kufikiri chuma kikiwa tayari juu ya fuawe hurudisha kipande motoni mara nyingi, na kila mara chuma kinapungua ubora. Mwanafunzi kwa mhunzi hakuanzia kwenye nyundo. Alianzia kwenye mivukuto, na mimi naona hekima kubwa katika hilo, kwa sababu mtu wa mivukuto anatazama rangi kwa muda mrefu kabla hajapewa nafasi ya kupiga.

Hapa lazima niweke kando tafsiri moja mbaya ya hoja yangu. Kuamua mapema si kuukariri mwendo na kuurudia kama mashine. Katika miaka ya 1920 mtaalamu wa Kirusi Nikolai Bernstein, akifanya kazi katika Taasisi Kuu ya Kazi jijini Moscow, aliwapiga picha za mfululizo wafanyakazi stadi waliokuwa wakigonga patasi kwa nyundo. Alikuta kwamba bega, kiwiko na kifundo cha mkono havikupita njia ile ile kutoka pigo moja hadi jingine, lakini kichwa cha nyundo kilifika pale pale kilipotakiwa. Stadi alikuwa amekaza lengo na kuviacha viungo visaidiane. Kikichelewa kimoja, kingine kinafidia. Ndivyo ilivyo kwa pikipiki kwenye tope. Aliyekwisha kuamua anakopita huiacha itikisike kidogo chini yake, anailegezea usukani, kwa kuwa anajua inakoelekea. Ambaye hajaamua huukaza usukani kwa nguvu zake zote na kupigana na kila mtikisiko, na kule kukaza ndiko kunakomwangusha. Uamuzi wa mapema, basi, ndio unaoupa mwili uhuru wa kujirekebisha.

Kizazi kilichotutangulia kilitulea na habari ya mkimbiaji wetu Filbert Bayi, na sisi tukaikuza katika mazungumzo ya jioni. Tarehe 2 Februari 1974, kule Christchurch, New Zealand, katika fainali ya mita 1500 ya Michezo ya Jumuiya ya Madola, Bayi alishika uongozi tangu mwanzo na hakuuachia hadi mwisho. Alimaliza kwa dakika 3:32.16, rekodi mpya ya dunia, John Walker akiwa nyuma yake kwa 3:32.52 na Mkenya Ben Jipcho wa tatu kwa 3:33.16. Nyumbani habari hiyo ilisimuliwa kama ushujaa wa moyo na mapafu, na ni kweli ulikuwepo. Lakini tazama pia uamuzi uliokuwamo. Mbio za mita 1500 kwa kawaida ni mbio za kusubiriana, ambamo kila mmoja anavizia nani atachomoka na lini, na mara nyingi anayechelewa kujibu mchomoko ndiye anayeshindwa. Bayi alilimaliza swali hilo kabla ya mlio wa bastola. Aliamua kwenda mbele, na tangu hapo wenye kazi ya kujibu walikuwa wengine. Mpango huo huo, ukiungwa mkono na mwili uliofunzwa, ulimpa rekodi ya maili mwaka 1975 kule Kingston, Jamaika, dakika 3:51.0.

Mbio fupi, ambazo zinadhaniwa kuwa makao makuu ya wepesi wa mishipa, zinasema hivyo hivyo. Kanuni za riadha zinahesabu kwamba mkimbiaji aliyeondoka chini ya sekunde 0.1 baada ya mlio ameondoka kabla ya wakati, kwa sababu inachukuliwa kwamba hakuna anayeweza kusikia na kuitikia kwa kasi hiyo. Mjini Berlin mwaka 2009, Usain Bolt alipoweka rekodi ya sekunde 9.58 katika mita 100, aliitikia mlio kwa sekunde 0.146. Asafa Powell aliitikia kwa 0.134, yaani alimtangulia Bolt kuondoka, akamaliza wa tatu kwa 9.84. Tyson Gay naye alimtangulia kwa tofauti ndogo sana, 0.144, akawa wa pili kwa 9.71. Kama katika mbio ambazo mlio ni mmoja na jibu ni moja, wepesi wa kuitikia haukuamua mshindi, sioni kwa nini uwe kigezo chetu cha kwanza kwenye barabara ambayo milio ni mingi na hakuna bastola inayotahadharisha.

Kwenye viwanja vyetu vya mpira, penalti ndiyo iliyokuwa darasa la mwisho. Mpira unawekwa mita 11 kutoka golini. Ukipigwa kwa kilomita 100 kwa saa unafika kwa muda wa kama sekunde 0.4, na golikipa anahitaji muda unaolingana na huo au kuuzidi ili kuurusha mwili wake hadi kwenye nguzo. Akingoja auone mpira umekwenda wapi, amechelewa. Kwa hiyo makipa wazuri husoma mguu wa kusimamia, nyonga na mwelekeo wa mpigaji, na kujenga uamuzi kutokana na dalili zilizotangulia mpira. Lakini lipo jambo jingine, na kwangu ndilo zito zaidi. Mwaka 2007 Michael Bar-Eli na wenzake walichapisha uchambuzi wa penalti 286 za soka la juu. Makipa waliruka kushoto au kulia karibu mara zote; waliobaki katikati walikuwa asilimia 6.3 tu, ingawa takwimu hizo hizo zilionyesha kwamba kubaki katikati kungewapa nafasi kubwa zaidi ya kuokoa. Waliruka kwa sababu kuruka kunaonekana kuwa kufanya kazi. Golikipa aliyeruka akafungwa anapigiwa makofi ya pole. Aliyesimama akafungwa anazomewa. Sisi watazamaji tunashiriki kuharibu uamuzi wake. Ndivyo tulivyowaharibu na vijana wa pikipiki tuliposifu mkono unaobana breki haraka. Juu ya tope la mteremko, kubana breki ya mbele ghafla ndiko kunakokata mshiko wa tairi, na mara nyingine kilichotakiwa ni kuachia, kuiacha injini ishike na kupita taratibu.

Najua majibu yatakayokuja, na baadhi yana nguvu. Wa kwanza atasema vijana wana mishipa myepesi kuliko wazee, hilo limepimwa, kwa hiyo wepesi wa kuzaliwa una maana. Nakubali kipimo chenyewe. Muda wa kuitikia ni mfupi katika ujana na hurefuka taratibu kadiri umri unavyokwenda. Lakini kama wepesi huo ungekuwa ndio kinga, vijana wangekuwa salama kuliko wote barabarani. Hali ni kinyume chake. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua watu wa umri wa miaka 5 hadi 29, na pale Moshi, KCMC, hospitali inayopokea majeruhi wa mkoa na mikoa jirani, waliopata majeraha ya kichwa kwa pikipiki ni wengi na wengi wao ni wanaume vijana. Wepesi wa mishipa humpa mtu imani ya kwenda kasi, na kasi inakula zile sentimita alizopewa na mishipa kabla hajazitumia.

Mwingine atauliza juu ya yale yasiyotarajika kabisa. Mtoto akichomoka kwenye masale akifuata mpira, uamuzi wa mapema utasaidia nini? Utasaidia mita. Hakuna anayeweza kutarajia mtoto yule, ila kila mmoja anaweza kutarajia kwamba nyuma ya masale kuna nyumba, na penye nyumba kuna watoto. Kwa kilomita 20 kwa saa, hata aliyeshtukizwa kwa sekunde 1.5 nzima amekwenda karibu mita 8 kabla ya breki, sawa na yule aliyekuwa tayari kwa kilomita 40. Kupunguza mwendo mbele ya kona isiyoonekana ni njia ya kununua muda wa kushangaa. Tukio lenyewe likishafika, mwili utajibu kwa muda wake wa kibinadamu, na muda huo haupunguzwi kwa kukemewa.

Pingamizi la tatu linatoka kwa Bayi mwenyewe. Mwaka 1980 kule Moscow, katika mita 3000 za kuruka viunzi na maji, alikwenda mbele tena kwa mwendo mkali, akawaacha wenzake mbali, lakini Mpoland Bronisław Malinowski alimfikia na kumpita katika mzunguko wa mwisho. Bayi alipata fedha, medali ambayo hadi leo Tanzania inaitaja kwa heshima pamoja na ile ya Suleiman Nyambui katika mita 5000 mwaka huo huo. Je, mpango wa mapema haukumfunga? Inawezekana ulimfunga, na sitaki kukwepa. Uamuzi uliofanywa kabla hujaiona njia yote una bei yake, na majaribio ya kusimamisha mwendo uliokwisha kuanza yanaonyesha kwamba mtu anahitaji karibu sekunde 0.2 kujizuia hata baada ya kupewa ishara ya kuacha. Ndiyo maana dereva mzoefu hajiahidi kupita kona kwa namna moja. Anajiahidi kuingia kwa mwendo unaomruhusu kubadili. Bayi hakuwa na nafasi hiyo, kwani anayetafuta medali hawezi kubakiza akiba. Anayebeba abiria anaweza, na ni wajibu wake.

Pingamizi la mwisho ndilo linaloniuma, na wengi wanaozungumza juu ya ajali hawaligusi. Vijana wengi wanaendesha pikipiki isiyo yao, na jioni wanatakiwa kupeleka hesabu kwa bosi hata kama mvua imenyesha kutwa. Mwenye deni la siku anazima injini mteremkoni ili kubana mafuta, anabeba mshikaki, yaani abiria zaidi ya mmoja, anakata kona kwa kasi awahi abiria mwingine kijiweni. Huyo uamuzi wake ulifanywa asubuhi, na hakuufanya yeye. Nikisema ufundi ni uamuzi wa mapema, lazima niseme pia kwamba umaskini unaweza kumnyang'anya mtu muda wa kuamua kabla hajawasha chombo. Abiria nao wamo, kwani anayempigapiga dereva begani akitaka awahishwe anamwongezea swali jingine katika ile sekunde moja ya kona.

Kwa sababu hiyo sitosheki na wito wa mafunzo unaorudiwa kila baada ya msiba, kama mafunzo yenyewe ni yale ya kuzunguka koni kwenye uwanja mkavu. Mlimani mtihani ungefanyika mteremkoni, dereva akiwa na mzigo, ikiwezekana baada ya mvua, na mtahini angempa alama kwa kile alichokifanya kabla ya kona: alirudi gia wapi, aliachia mafuta lini, macho yalikuwa wapi, alipiga honi au hakupiga. TARURA, wanaosimamia barabara za vijijini tangu 2017, wangeweza kukaa na serikali za vijiji na wenye vihamba wakapatana masale ya kwenye kona kali yapunguzwe hadi kiuno, mpaka ukabaki mahali pake na jicho likapita juu yake, maana kila mita inayoonekana zaidi ni muda aliopewa dereva bure. Wenye pikipiki nao, ambao wengi wao tunawajua na tunasali nao, wangekubaliana kijiwe kwa kijiwe kwamba siku za mvua kubwa hesabu ipungue, na abiria wa mteremkoni awe mmoja.